Zamani nikikasirika nilikuwa natoka kwenda gengeni

Mume wangu ameshaniambia mara tatu kwenye ndoa yetu kwamba nimebadilika. Mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kujifungua, nikampuuza. Mara ya pili ilikuwa 2017, mwaka na kidogo baada ya ajali, kasimama mlangoni na ndoo ya maji ya kuniogeshea, maji yenyewe yameshapoa kwa sababu nilikuwa nimegoma kuogeshwa nusu saa nzima, afu nikamrushia kopo. La plastiki, msishtuke. Akaliokota, akalirudisha kwenye ndoo, akasema taratibu, "Mke wangu, umebadilika sana." Mara ya tatu ni Jumapili iliyopita na safari hii alisema huku anacheka, na kile kicheko ndo kimenikalisha hapa kuandika, maana nina siku nne nacho sijui nikiweke wapi.

Kwa wageni wa hapa, kifupi. Mi ni mhasibu, naishi Kihonda, Morogoro. Aprili 2016, masika imekolea, nimechelewa kazini, nikapanda bodaboda nikamwambia kijana ongeza mwendo bana. Akaongeza. Kulikuwa na dimbwi, chini ya dimbwi kuna shimo, yaliyofuata nimesimuliwa. Uti wa mgongo ukaumia kwenye pingili ya kumi ya kifua, hospitali wanaandika T10. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi, nikijifinya juu ya kitovu naumia, nikijifinya chini ya kitovu ni kama nimefinya mto. Miguu haina habari, kibofu hakina habari, na hiyo ya kibofu ndo watu hawaijui, wao wanadhani shida ni kutembea tu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2004 uliwauliza watu wenye jeraha hili wangependa nini kirudi kwanza, waliopooza mikono na miguu wakasema mikono, na kwa sisi wa miguu peke yake kilichotajwa zaidi kuwa cha kwanza ni mambo ya chumbani, na pande zote mbili kibofu na choo vikawa juu kwenye orodha. Kutembea hakukushika namba moja kwa kundi lolote. Nilipomsomea mume wangu hiyo alinyamaza kidogo akasema "basi na mi ningejibu hivyo hivyo."

Haya, turudi kwenye kubadilika.

Nimelifikiria sana hili neno, na jibu langu ni kwamba hapana, sijabadilika. Uti wa mgongo sio ubongo. Ni kama ule waya unaotoka kwenye mita kwenda vyumbani, ukikatika vyumba vinakuwa giza lakini mita yenyewe iko pale pale ukutani. Wapo wanaoumia kichwa na mgongo kwa pamoja, hao ni habari nyingine, mi kichwa changu walikipiga picha na kiko salama. Na ukali ninao tangu shule ya msingi, muulizeni mama. Kilichotokea ni kwamba zamani nikikasirika nilikuwa natoka.

Yaani natoka kweli. Tumegombana na mume, nimekwaruzana na wifi, dada wa kazi kaunguza maharage, mi nachukua kipochi changu naenda gengeni pale kona kununua nyanya. Nyanya sizihitaji. Kuna siku ndani nilikuwa na mafungu matano. Nafika, nazichagua moja moja nazigeuzageuza, naulizia bei ya bamia ambazo wala sinunui, nasikiliza umbea wa mtaa kidogo, narudi, na ile hasira imebaki huko huko njiani. Mume wangu miaka yote ile hakuwahi kuiona hasira yangu nzima, alikuwa anaona dakika mbili za mwanzo tu afu ananiona narudi na nyanya. Baada ya ajali akaanza kuiona yote, kuanzia inapoanza mpaka inapoisha, na saa nyingine haiishi, maana mwenye hasira hawezi kutoka, anayetoka sasa ni yeye.

Sasa hilo niliambiwa na nani? Hakuna. Hospitali nililala miezi mitatu na siku kumi, wakanifundisha mengi, namna ya kujiinua kwa mikono, namna ya kujikagua ngozi kwa kioo, lakini hakuna aliyekaa akaniuliza we ulikuwa mtu wa namna gani kabla hujaletwa hapa. Ningemwambia mi ni mtu wa kutoka. Nadhani hilo ndo lingekuwa swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kuuliza unajisikiaje.

Wodini nilipangiwa karibu na mama mmoja wa makamo, kitanda cha dirishani, katokea vijijini huko Kilosa, alianguka kwenye mteremko na mzigo wa kuni kichwani. Jeraha lake na langu yalikuwa yanafanana, tena lake liko juu kidogo. Yule mama alikuwa ananiudhi mpaka basi. Nesi anamwita mwanangu, daktari mwanangu, anayepiga deki mwanangu, wageni wa mgonjwa mwingine wakija anawatuma chai na wanaenda! Tulikuwa tunageuzwa kila masaa mawili usiku na mchana tusipate vidonda vya mgandamizo, mama yangu alikuwa anaweka alamu kwenye kitochi chake, na kila ikilia wanageuza mi kwanza afu wanasogea dirishani. Yule mama anageuzwa anasema "ahsante wanangu." Saa nane ya usiku, ahsante. Saa kumi, ahsante. Mi nikigeuzwa nilikuwa natazama ukuta, ule ukuta nilikuwa naujua mpaka rangi ilipobanduka ina umbo la Zambia.

Siku moja wakaja wageni, kikundi cha kina mama, na mmoja alidhani nimelala. Akamwambia mwenzie, "Hapa bora Mungu angemchukua tu akapumzika." Sikufungua macho. Na ukweli ni kwamba sikukasirika, nilikubaliana naye, niliona kumbe yupo mtu mwenye akili humu. Miaka kadhaa baadaye nikakuta utafiti mmoja wa kule Colorado, wa 1994, waliwauliza wafanyakazi wa vyumba vya dharura hospitalini, ungepata jeraha baya la uti wa mgongo ungefurahi kwamba bado uko hai? Waliosema ndio walikuwa asilimia 18. Wakawauliza wenyewe waliolipata, tena la juu shingoni huko, waliosema wanafurahi kuwa hai ni asilimia 92. Nilizisoma mara tatu nikidhani wamekosea kupanga namba. Na hao wa asilimia 18 sio kina mama wa kikundi, ni watu wanaotupokea tukiwa bado tuna matope ya barabarani mwilini. Ila naomba niseme kitu, mi mwezi wa pili wodini ungenipa ile fomu ningejibu kama yule mgeni. Hiyo 92 haiji kwa miezi miwili.

Kulikuwa pia na mwanafunzi wa saikolojia yuko fildi, binti mpole, akaniambia kuna hatua tano, kukataa, hasira, kujadiliana na Mungu, huzuni, mwisho kukubali. Binti wa watu alikuwa na nia njema kabisa. Basi nikazisubiri zile hatua kama vituo vya daladala. Hasira nikashuka. Nikakaa hapo hapo kituoni. Huzuni ilipita siku moja asubuhi, mchana ikarudi hasira, jioni nikacheka kwenye simu na shoga yangu mpaka mbavu zikauma, hizo zilizobaki na hisia, usiku nikaanza kujiona hata kuumwa naumwa vibaya, sifuati ratiba. Baadaye sana nikajua kwamba zile hatua ziliandikwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross 1969 na alikuwa anaongelea watu wanaokaribia kufa, sio watu wanaorudi nyumbani kulipa ada za watoto. Waliowafuatilia watu wa uti wa mgongo hawakuikuta hiyo foleni. Wanaopata sonona yenyewe ni kama mmoja kati ya watano, ambao ni wengi na wanahitaji tiba sio mawaidha, lakini maana yake ni kwamba wanne hawaipati, na zaidi ya nusu yetu tunayumba tu tunaendelea. Na zamani huko, mgonjwa ambaye halii walikuwa wanasema huyo anaukataa ukweli, subirini atalia tu. Fikiria upo kitandani umejipanga vizuri afu unasubiriwa ulie.

Ila iliyonichefua kuliko zote ni ya bahati nasibu. Kuna semina nilialikwa 2018, mhamasishaji na suti yake akasema wazungu wamethibitisha kwamba aliyeshinda bahati nasibu na aliyepooza wana furaha sawa sawa, makofi mengi, watu wakageuka kunitazama mi, nikaona aibu kama nimeshinda kitu. Mi ni mtu wa mahesabu, nikisikia namba nataka kuona daftari. Nikalitafuta. Ni Marekani, 1978, Philip Brickman na wenzake, waliuliza washindi 22, watu waliopooza kwa ajali 29, na majirani wa kawaida 22. Furaha ya sasa kwa kipimo cha 0 mpaka 5, washindi 4.00, majirani 3.82, waliopooza 2.96. Jamani, 2.96 na 4.00 ni sawa kwenye daftari gani? Ningefungia hesabu za mwaka hivyo ningekuwa jela. Kweli 2.96 iko juu ya nusu, na hilo lenyewe ni habari kubwa, lakini sio sawa.

Halafu kuna mstari mwingine kwenye hilo hilo jedwali ambao mhamasishaji hausomi. Waliwauliza pia maisha yako ya nyuma yalikuwa na furaha kiasi gani. Majirani wakasema 3.32. Waliopooza wakasema 4.41. Yaani jana yetu sisi ndo ilikuwa tamu kuliko jana ya mtu yeyote. Hapo nikajikuta, maana mi nilikuwa na picha moja kichwani ya jioni natembea kutoka Msamvu, upepo unashuka Uluguru, mkoba begani, miguu myepesi. Uongo mtupu. Nilikuwa nagombania daladala kama wenzangu, visigino vinaniua, namlaani bosi njia nzima. Ila miaka miwili nilimlilia yule mwanamke wa upepo wa Uluguru kama marehemu, na hajawahi kuwepo.

Sasa kuna hili la mkono wa mtu, na hapa naomba ndugu zangu wasome taratibu kabla hawajapiga simu.

Nimerudi nyumbani, mwezi wa nane, mjomba akaja na mtaalamu. Mtaalamu akatazama, akauliza maswali ambayo majibu yake mjomba alikuwa ameshampa kwenye basi, akasema hii sio ajali, hii ni mkono wa mtu, tena mtu wa ndani, mwanamke, upande wa mume. Upande wa mume mwanamke wa karibu ni mmoja tu, wifi. Na mi msomi mzima, mwenye cheti cha uhasibu, niliipokea kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji. Kwa sababu angalau ilikuwa na maelezo. Shimo halina maelezo. Shimo lilikuwa pale, wamepita mamia, nikatumbukia mi. Lakini wifi ana sababu, wifi aliazima kitenge changu hakurudisha, wifi wiki ile ile aliniuliza siku hizi unaondoka saa ngapi kazini. Nilifungua daftari, kweli kabisa, daftari la karatasi la mistari, nikaanza kuandika nani alisema nini, lini, alikuwa amevaa nini. Miezi nane. Mazoezi nikaacha, fizio, yule wa mazoezi ya viungo, anapiga simu sipokei, maana ya nini kunyanyua vyuma wakati kitu kimefungwa, kifunguliwe kwanza ndo nitembee. Wakanikanda miguu kwa majani ya moto, na mi miguu haihisi, siwezi kusema unaniunguza, ngozi ya muundi ikatoka kama ya viazi vilivyochemshwa. Kovu ninalo. Na kwa kuwa nilikuwa nakaa tu sijiinui kama nilivyofundishwa, nikapata kidonda chini kabisa ya mgongo, nikalala kifudifudi wiki sita.

Mtu aliyekuwa anafua mashuka yangu miezi yote ile nane ni wifi. Najua, msiseme.

Nilichokuja kusoma baadaye ni utafiti wa 1977 wa Ronnie Bulman na Camille Wortman, watu 29 waliopooza kwa ajali, Illinois, waliwauliza unadhani ni kosa la nani, na kwanini wewe. Waliomtupia lawama mtu mwingine ndo waliokuwa na hali mbaya zaidi ya kuyabeba maisha, na waliosema mi mwenyewe nilichangia wakaonekana wanajiweza vizuri zaidi. Yaani ilikuwa kinyume na watu wengi wanavyotegemea. Na kwenye lile la kwanini mimi, jibu lililojitokeza sana ni Mungu ana sababu yake, ambalo mama yangu alikuwa analisema kila asubuhi akinipa uji, na nilikuwa namjibu vibaya.

Sisemi mtu ajilaumu. Dada aliyepigwa risasi na majambazi akijilaumu atakuwa anajionea tu. Mi naongelea yangu, na yangu yana maneno matatu, "ongeza mwendo bana." Niliyaficha karibu miaka miwili, nilikuwa nasimulia ajali nayaruka, bodaboda alikuwa anakimbiza. Siku nilipoyasema kwa sauti mbele ya mume wangu nilitegemea dari litaanguka, na yeye akasema "nilijua, yule kijana aliniambia siku ile ile." Yule kijana alivunjika mfupa wa bega, alikuja wodini na machungwa nikakataa kumuona. Alikuja tena 2018, tukanywa soda, hatukuongea cha maana, mpira kidogo na bei ya mafuta.

Ila kwenye hilo daftari la lawama kuna kitu kimoja kinachonifurahisha kichokozi, ni kwamba ukikubali ulichangia unapata mpini wa kushika. Kama nilikuwa na mkono kwenye kuanguka basi labda nina mkono kwenye kesho. Wifi akiwa ndo mwenye funguo, mi kazi yangu ni kukaa kusubiri afungue. Mwezi ule ule nikampigia fizio. Akasema "dada, nilidhani umefariki." Hana maneno laini huyo.

Na nirudi kwa yule mama wa dirishani. Kuna utafiti wa Christopher Boyce na Alex Wood, 2011, walitumia takwimu za Ujerumani za miaka mingi, ulemavu wa kila aina sio uti wa mgongo peke yake, watu 307 ambao tabia zao zilikuwa zimeshapimwa kabla hawajapata ulemavu. Hilo la kabla ndo tamu, kwa sababu ukimpima mtu tabia akiwa ameshaumia hujui unapima mtu au unapima kidonda. Ungeniuliza nani atasimama haraka ningesema mkaidi, mpambanaji, wale wa sitaki kusaidiwa. Kumbe aliyeirudia ridhiki ya maisha haraka na kwa ukamilifu ni yule mwenye upole wa kukaa na watu, anayeelewana, asiyeona tabu kuachia. Na baada ya miaka minne bado tofauti yao na wagumu kama mimi ilikuwa inaonekana.

Nilikasirika nilipoisoma. Kwa sababu nilikuwa nimeiona kwa macho, siku mia moja, mita moja na nusu kutoka kitandani kwangu, na nikaiita unafiki. Hebu fikiria wageni. Mwezi wa kwanza unakosa pa kuwaweka, wa pili wanakuja Jumapili, mwezi wa sita anakuja mama yako na mchungaji. Wa kwangu walikata haraka sana, nani arudi kutazamwa kama karani aliyekosea risiti. Wa kwake walikuwa wanaongezeka. Wauguzi wakimaliza zamu wanapita kumuaga yeye. Alipotoka wodini tulikuwa tunapigiana simu, mi nikilalamika yeye anacheka, nyumba yake ilikuwa na kelele za watoto wa jirani muda wote mpaka simu haisikiki, alikuwa anachambua mboga amekaa kwenye mkeka, anasuka mikeka, anasuluhisha ndoa za watu.

Alifariki 2020. Kidonda. Kiliingia mpaka kwenye mfupa, na godoro la kumfaa na mto wa kukalia hajawahi kuwa navyo, na kutoka kijijini kwao mpaka hospitali ni pikipiki, sasa mtu asiyeweza kujizuia asianguke unampakiaje kwenye pikipiki. Kwa hiyo nikisikia mtu anaongea kuhusu moyo wa kukubali na mtazamo chanya huwa nauliza kwanza ana mto? Anapata mpira wa mkojo mpya au anachemsha ule ule? Alikuwa na tabia nzuri kuliko yeyote niliyemfahamu na haikumzuia kidonda. Tafiti zote hizo nilizowatajia ni za nchi ambazo mtu akitoka hospitali anatoka na kiti cha kipimo chake. Mi cha kwanza nilipewa cha mgonjwa mwingine aliyekuwa mkubwa wa mwili, nilikuwa nakaa humo kama embe kwenye karai.

Upole wa yule mama sikuupata na sidhani nitaupata, nimeshasema sijabadilika. Nilichokuwa natafuta ni mlango wa kutokea. Wa kwanza ulikuwa kujifunza kujitoa mkojo mwenyewe, nesi mmoja alinifundisha kwa kioo kidogo, mchana mzima, nalia na kutukana, na siku nilipoweza nikagundua nusu ya hasira zangu kwa mama yangu zilikuwa ni za kumsubiri. Yaani sikuwa nachukia kusaidiwa, nilikuwa nachukia kusubiri. Wa pili kazi, nikaanza kufunga hesabu za maduka matatu ya mtaani kwa simu, baadae saba.

Wa tatu ni mlango wenyewe. Nyumba yetu ina ngazi mbili mbele, jumla sentimita 30. Mume wangu akaleta fundi, fundi akamwaga zege la mita moja na nusu, likawa kama mtelezo wa watoto, nikajaribu kupanda nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye ndoo za mbuzi. Nikatafuta kipimo, kila sentimita moja ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo 30 zinataka mita 3 na sentimita 60. Fundi akasema mama hesabu hizo ni za Ulaya. Nikamwambia fundi, mlima wa Ulaya na wa Kihonda wote unateleza. Tukabishana wee, mwisho mgomba mmoja ukakatwa na likamwagwa la pili, bado linaonekana limeungwa, baya kweli, nalipenda.

Sasa Jumapili. Tumegombana na mume, ni ada ya binti, alimkopesha kaka yake hela bila kuniambia, na mi ndo mhasibu wa nyumba hii. Nikasema natoka. Akasema haya. Nikashuka zege, nikashika njia. Kutoka kwetu mpaka gengeni ni kama mita mia na hamsini na katikati hapo kuna mchanga, mvua ikinyesha unakusanyika, magurudumu ya mbele yakazama nikakwama katikati ya njia mbele ya kijiwe cha bodaboda. Zamani zile ningekaa hapo nijifanye nasoma meseji mpaka giza liingie. Nikawaita. "Wanangu, njooni mnitoe." Niliposikia mdomo wangu umetamka wanangu nilishtuka mwenyewe. Wakaja wawili, wakanisukuma mpaka gengeni, wakanisubiri nichague, mmoja akashauri hii mama imeiva sana weka pembeni, wakanirudisha mpaka juu ya zege, nikawaambia ahsante wanangu.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, pale pale alipokuwa na ndoo. Akawatazama wale vijana wanavyoondoka, akanitazama mi na mfuko wa nyanya mapajani, akaanza kucheka. "Wewe? Ahsante? Umebadilika wewe."

Nikamwambia apokee mfuko, na hela ya kaka yake bado tutaiongelea. Jikoni kulikuwa na sado nzima ya nyanya.